Wito na Ujirani: Mahusiano ya Watu na Mchango wa Hiari katika Kazi za Pamoja za Intaneti

1. Utangulizi

Miongoni mwa mambo ya kustaajabisha yaliyozuka tangu intaneti ienee duniani ni kuwako kwa kazi kubwa zinazofanywa na watu wengi wasiolipwa, wasioajiriwa na yeyote, na ambao aghalabu hawajapata kuonana. Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001, huandikwa na yeyote apendaye kuiandika. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ni ramani ya dunia ichorwayo kwa njia iyo hiyo. Kazi za namna hii huelezwa kwa kawaida kama nyumba ambayo mlango wake u wazi: mwenye ujuzi na aingie, aweke alichonacho, aende zake.

Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Kama mlango wazi ungetosha, lugha yenye wasemaji wengi ingekuwa na waandishi wengi. Kiswahili husemwa na makumi ya mamilioni ya watu. Hata hivyo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imebebwa kwa miaka mingi na watu wachache mno, na baadhi ya waliofanya kazi kubwa mwanzoni hawakuwa wazaliwa wa Afrika Mashariki. Kibasque, lugha ya watu wanaokadiriwa kuwa chini ya milioni moja katika mpaka wa Hispania na Ufaransa, kina Wikipedia yenye makala mara kadhaa kuliko ya Kiswahili. Hapana shaka kwamba uhaba wa vyombo, gharama ya intaneti na uzito wa lugha za kigeni katika elimu ni sehemu ya sababu. Lakini mambo hayo hayaelezi kwa nini, miongoni mwa watu wenye vyombo sawa na elimu sawa, mmoja huandika miaka kumi na mwingine haandiki hata sentensi moja.

Makala haya yanakusudia kueleza sababu moja ambayo mara nyingi husahauliwa, nayo ni mahusiano ya watu. Hoja yake ni kwamba mchango wa hiari haufuati wito peke yake, hufuata ujirani. Anayeingia katika kazi huingia kwa kuwa yuko anayemjua. Anayebaki hubaki kwa kuwa yuko anayemwona. Na yale yanayoandikwa hutegemea ni nani waliojuana.

2. Maana ya mtandao wa mahusiano

Yafaa kwanza istilahi ielezwe, maana neno lenyewe limekwisha kupewa maana mbili. Katika mazungumzo ya siku hizi, "mitandao ya kijamii" ni huduma za intaneti ambazo watu hutumia kupelekeana habari na picha. Wataalamu wa elimu ya jamii walikuwa na maana yao kabla ya huduma hizo kuzaliwa. Kwao, mtandao wa mahusiano ni jumla ya nyuzi zinazomfunga mtu na wenzake: udugu, urafiki, ujirani, kusoma pamoja, kufanya kazi pamoja, hata kule kujuana kwa salamu tu. Hiyo ndiyo maana inayotumiwa katika makala haya.

Nyuzi hizo hazina nguvu sawa. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1973, mwanaelimujamii wa Marekani Mark Granovetter alionyesha kwamba uzi dhaifu una faida ambayo uzi wenye nguvu hauna. Ndugu na marafiki wa karibu hujuana wote, na kwa hiyo hujua mambo yale yale. Mtu tunayejuana naye kwa mbali huishi katika duara jingine, na kwa sababu hiyo hutuletea habari ambazo hazijafika kwetu. Kwa ufupi, uzi dhaifu huleta habari, na uzi wenye nguvu huleta imani. Kazi ya kujitolea huhitaji vyote viwili.

Jambo hili halikuanza na kompyuta. Wakikuyu walikuwa na ngwatio na Wakamba walikuwa na mwethya, ambamo majirani walikusanyika kulima shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho. Haikuwa kazi ya yeyote apitaye njiani. Aliyekuja alijua atakaowakuta, alijua kwamba kuja kwake kutaonekana, na alijua kwamba siku yake itakapofika watu watakuja. Mtu aliyezoea kuiona intaneti kuwa jambo geni kabisa hana budi kujiuliza kama desturi hiyo imetoweka ndani yake, au imevaa nguo nyingine tu.

3. Anayeingia: nani alimwita?

Mfano mmoja mashuhuri hautoki katika intaneti. Katika kiangazi cha mwaka 1964 vijana wa vyuo vya Marekani walijiandikisha kwenda jimbo la Mississippi kuwasaidia Wamarekani Weusi kupata haki ya kupiga kura. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, na baadhi ya walioifanya waliuawa. Katika waliokubaliwa, wapatao 720 walikwenda, na 240 hivi hawakwenda. Doug McAdam, aliyezichunguza fomu zao na kuandika juu yake mwaka 1986, aliona kwamba makundi hayo mawili hayakutofautiana sana kwa itikadi wala kwa bidii ya maneno yao. Palipotofautiana ni hapa: waliokwenda walikuwa na marafiki wengi zaidi miongoni mwa waliokuwa wakienda. Nia ilikuwa ya wote, lakini rafiki ndiye aliyeifikisha nia hiyo kituo cha basi.

Katika kazi za intaneti utaratibu huu huonekana vile vile, ijapokuwa hatari haipo. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoufuata, Ory Okolloh alitoa wito mwanzoni mwa Januari 2008 kwamba itengenezwe ramani ya kukusanya habari za matukio ya ghasia kutoka kwa wananchi wenyewe. Katika muda wa siku chache tu Ushahidi ilikuwa imeundwa, na walioshika kazi hiyo pamoja naye walikuwa ni pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Wito ulisomwa na watu wengi. Walioitika upesi walikuwa watu wa duara moja la Wakenya na wapenzi wa Kenya walioshughulika na kompyuta na uandishi, wengine wakiwa nyumbani na wengine ng'ambo. Nyuzi zao nyingi zilikuwa dhaifu kwa maana ya Granovetter, lakini zilikuwapo tayari kabla ya siku ya haja. Shirika ambalo lingeanza kutafuta watu siku ile lingechukua miezi.

Vivyo hivyo Wikipedia ya Kiswahili. Ndesanjo Macha, mwandishi wa Kitanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa miongoni mwa wachangiaji wa mwanzo waliojulikana. Mwandishi mwenye wasomaji wake anapoingia katika kazi ya pamoja haingii peke yake, bali huingia na kivuli cha watu wake. Tangazo huwaambia watu kwamba kazi ipo. Mtu anayejulikana huwaambia kwamba kazi hiyo ni ya watu kama wao.

4. Anayebaki: nani anamwona?

Kuingia ni jambo moja na kubaki ni jingine. Hapa yafaa kukumbuka kazi ya lugha iliyofanywa kwa kujitolea zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1879 James Murray, mhariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Oxford, alitoa wito kwa wasomaji wa Kiingereza wamsaidie kukusanya mifano ya matumizi ya maneno. Mamilioni ya vijikaratasi yalipelekwa kwake kwa posta, na barua zilikuwa nyingi hata pakasimikwa sanduku la posta mbele ya nyumba yake mjini Oxford. Mmoja wa wachangiaji wakubwa alikuwa W. C. Minor, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor kwa sababu ya kuua mtu. Minor alipeleka mifano kwa miaka mingi. Aliulizwa na wahariri maneno waliyoyahitaji, naye akajibu; na hatimaye Murray mwenyewe alimtembelea. Mtu huyo hakuwa na jirani huru hata mmoja, lakini katika kamusi alikuwa na wenzake.

Kisa hicho chaonyesha kwamba ujirani unaozungumzwa hapa si lazima uwe wa kuonana kwa macho. Kinachotakiwa ni mchangiaji kujua kwamba kazi yake imefika mkononi mwa mtu. Jambo hili limepimwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, Michael Restivo na Arnout van de Rijt waliwachagua kwa bahati nasibu baadhi ya wachangiaji hodari wa Wikipedia ya Kiingereza, wakawapa nyota ya heshima ambayo wahariri hupeana kwa desturi. Nyota hiyo haina thamani ya senti moja, maana ni picha tu iwekwayo katika ukurasa wa mtu. Hata hivyo waliopewa walizidisha kazi yao kwa asilimia 60 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa. Asante ya mtu mmoja, iliyosemwa mbele ya wengine, ilifanya kazi ambayo matangazo mengi hayaifanyi.

Kinyume chake pia ni kweli. Idadi ya wachangiaji hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilifikia kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Aaron Halfaker na wenzake, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2013, walieleza kwamba sehemu kubwa ya sababu ilikuwa namna wageni walivyopokewa. Ili kuzuia uharibifu, wenyeji walikuwa wametunga kanuni nyingi na kutumia programu za kufuta maandishi mabovu kwa haraka. Mgeni mwenye nia njema aliandika sentensi yake ya kwanza, akaikuta imefutwa, na badala ya mtu wa kumweleza kosa alikuta onyo lililotungwa na mashine. Wageni wa namna hiyo hawakurudi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kazi hizi mgeni huja na jembe lake siku ya kwanza; anayeshindwa kukaa ni yule aliyenyang'anywa jembe kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

5. Wasomaji kama sehemu ya mtandao

Ipo hoja ya wanauchumi ambayo huonekana kupingana na hayo yaliyokwisha kuelezwa. Hoja hiyo husema kwamba kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo kila mmoja anavyopunguza juhudi, akitegemea kwamba wengine watafanya. Ikiwa ni kweli, basi kundi likipunguzwa, waliobaki wataongeza bidii.

Historia ya Wikipedia ya Kichina iliijaribu hoja hiyo bila kukusudia. Mwezi Oktoba 2005 serikali ya China iliifunga Wikipedia hiyo, na watu waliokuwa China bara wakashindwa kuifikia. Wachangiaji waliokuwa nje, kwa mfano Taiwan, Hong Kong na Singapore, hawakuzuiwa na chochote. Kompyuta zao zilikuwa zile zile, muda wao ule ule, na makala ya kuandika yalizidi kuwa mengi kwa kuwa wenzao wameondoka. Xiaoquan Zhang na Feng Zhu, walioandika juu ya tukio hilo mwaka 2011, walikuta kwamba wachangiaji hao wa nje walipunguza kazi yao kwa wastani wa asilimia 42.8. Na waliopunguza zaidi ni wale waliokuwa wamezoea zaidi kuzungumza na wenzao katika kurasa za majadiliano.

Somo la tukio hilo ni kubwa. Waandishi wale hawakuwa wakiweka maarifa ghalani tu. Walikuwa wakizungumza na watu. Watu walipoondoka, mazungumzo yakakosa mwitikio, na kalamu zikawekwa chini. Methali husema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa yaweza kuongezwa kwamba pasipo na wengi neno lenyewe halisemwi.

6. Kasoro za mtandao wa mahusiano

Isidhaniwe kwamba mahusiano huleta heri tupu. Maadamu watu huitwa na wanaowajua, kazi hujaa watu wanaofanana. Uchunguzi wa wachangiaji wa Wikipedia uliofanywa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanawake hawakufika 15 katika kila 100. Mlango ulikuwa wazi kwao kama ulivyokuwa wazi kwa wanaume, lakini walioingia mwanzo walikuwa wanaume waliozoeana katika mambo ya kompyuta, nao waliwaita wanaume wenzao. Matokeo yake huonekana katika maandishi yenyewe, kwa mintarafu ya mambo yaliyoandikwa kwa urefu na mambo yaliyoachwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ramani za Nairobi zatoa mfano mwingine wa kasoro hiyo, na wa dawa yake. Kibera, mtaa wenye watu wengi na maelfu ya vibanda, shule, makanisa na maduka, ulikuwa karibu mahali patupu katika ramani zilizopatikana kwa umma. Wachoraji wa ramani walikuwapo Nairobi, lakini hawakuwa wenyeji wa Kibera. Mwaka 2009 Mikel Maron na Erica Hagen walianzisha Map Kibera, na vijana 13 waliochaguliwa kutoka vijiji vya Kibera wakafundishwa kupima njia na kuziingiza katika OpenStreetMap. Picha ya setilaiti yaweza kuonyesha paa. Haiwezi kusema kama chini ya paa hilo pana zahanati au kinyozi, wala bomba lipi lina maji. Hayo hujulikana na mtu anayeweza kubisha hodi na kuitikiwa. Kadhalika, katika mpango wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya kata zinazopatwa na mafuriko, wanafunzi wa vyuo vikuu walifanya kazi pamoja na wakazi wa kata hizo. Katika mifano yote miwili mtandao haukuachwa ukue wenyewe. Uzi ulipelekwa kwa makusudi hadi mahali ambapo haukufika.

7. Kiswahili na mashindano

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, yaweza kufahamika jambo lililotokea mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, wakati kampuni ya Google ilipoandaa shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania. Zawadi ziliwekwa, wanafunzi wakajitokeza, na mamia ya makala yakaandikwa katika muda mfupi. Shindano lilipokwisha na zawadi kutolewa, wengi wa walioandika hawakuendelea, na kazi ya kusahihisha makala hayo iliwabakia wale wale wachache waliokuwapo kabla. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

Si haki kuwalaumu wanafunzi hao. Kila mmoja aliandika peke yake akishindana na mwenzake. Na shindano, kwa tabia yake, humfanya jirani kuwa mpinzani. Nyuzi zilizofungwa zilikuwa kati ya mwanafunzi na zawadi, nazo zilikatika zawadi ilipotolewa. Mambo huwa mengine pale wachangiaji wanapokutana ana kwa ana, kama yafanyavyo makundi ya Wikipedia yaliyoanzishwa Tanzania baadaye. Anayejua kuhariri huketi karibu na asiyejua, makosa husahihishwa kwa mdomo kabla ya kufutwa kwa mashine, na yule asiyekuja wiki hii huulizwa wiki ijayo alikuwa wapi. Swali hilo dogo, "Mbona hukuonekana?", ndilo lililokuwa nguzo ya ngwatio na mwethya.

Kwa idara za lugha jambo hili lina uzito wa pekee. Kila mwaka wanafunzi huandika insha na tasnifu za Kiswahili ambazo husomwa na mwalimu mmoja, zikapewa alama, kisha zikafungiwa kabatini. Wakati huo huo kijana wa kidato cha pili anayetafuta maelezo ya ugonjwa, ya mmea au ya historia ya mji wake kwa Kiswahili hukuta ukurasa wenye mistari mitatu, au hakuti kitu, akalazimika kwenda kwa Kiingereza. Wenye ujuzi wako darasani, na mahitaji yako nje. Kilichokosekana kati yao ni uzi. Darasa ni mtandao uliokwisha kufungwa: watu wake wanajuana, wanaonana kila juma, na wana mwalimu wa kuwasahihisha. Darasa likiandika pamoja, na wa mwaka wa tatu wakiwapokea wa mwaka wa kwanza, nyuzi zake zaweza kudumu baada ya mtihani. Likiandika kwa ajili ya alama tu, litakuwa shindano jingine.

8. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kazi za pamoja za intaneti, ijapokuwa hufanywa na watu walio mbali, husimama juu ya misingi ile ile iliyosimamisha kazi za hiari za zamani. Uzi dhaifu huleta habari kwamba kazi ipo, uzi wenye nguvu huwafikisha watu kazini, na kutambuliwa huwaweka hapo. Wasomaji wakiondoka, waandishi huchoka. Na mtandao ukiachwa bila uangalizi huwaita wanaofanana na kuwasahau wengine.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi swali la kuuliza juu ya maarifa ya Kiswahili katika intaneti si tu ni wangapi wanaokisema, wala ni zawadi gani itolewe. Yapasa pia kuuliza mwandishi mpya wa Kiswahili akiweka sentensi yake ya kwanza leo jioni, ni nani atakayeisoma kesho asubuhi na kumwambia karibu. Penye jibu la swali hilo, kazi itaendelea hata kama watu ni wachache. Pasipo na jibu, mlango utabaki wazi, na nyumba itabaki tupu.